Seva ikijengwa upya, kisichoandikwa hakirudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wenye tovuti wa Dodoma, Singida na wilaya zetu za Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, na zaidi niseme na mafundi wenzangu wanaowatunzia seva. Siku hizi SACCOS ina tovuti, shule ya binafsi ina ukurasa wa matokeo na ada, nyumba ya wageni inapokea oda mtandaoni Bunge linapokaa, na msindikaji wa alizeti naye anaweka bei zake huko. Nyingi kati ya tovuti hizi zimekaa kwenye seva za kukodi zenye paneli ya udhibiti, ama cPanel na WHM yake (upande wa msimamizi wa seva), ama DirectAdmin. Ndani ya paneli hiyo kuna kazi moja ambayo baadhi ya mafundi wanaikimbia na wengine wanaifanya kama mtu anayewasha taa: kujenga upya programu ya seva ya wavuti, yaani Apache, inayowapa wageni kurasa, na PHP, lugha inayoziendesha tovuti hizo.

Wanaoikimbia wameiacha seva na PHP 7.4, ambayo marekebisho yake ya usalama yalikoma tarehe 28 Novemba 2022. Wanaoifanya ovyo wanabonyeza kitufe Jumatatu saa nne asubuhi, mzazi wa Mpwapwa akiwa katikati ya fomu ya ada, na ukurasa unageuka kosa la 500, yaani seva imeshindwa kujibu. Ndipo linapowekwa tangazo kwamba tovuti iko kwenye matengenezo. Tangazo hilo lilipaswa kutangulia.

Kwanza ieleweke kitufe kinafanya nini. Hakichunguzi seva ina nini kisha kikaboresha. Kinasoma orodha. Kwenye WHM chombo kinaitwa EasyApache 4, na orodha hiyo inaitwa profaili: ina majina ya vifurushi vya Apache, moduli zake, matoleo ya PHP na ekstensheni (viongezo) za kila toleo. Kilichomo kwenye profaili kitawekwa au kitabaki. Kifurushi cha EasyApache kisichomo kitang'olewa. Fundi anayechukua profaili iliyokuja na paneli kwa sababu jina lake limempendeza, akaiweka juu ya seva iliyohudumu miaka mitatu, anafuta kwa mkono wake kila kilichoongezwa ndani ya miaka hiyo: imagick iliyokuwa inapunguza picha za wanafunzi, soap iliyokuwa inaongea na mfumo wa malipo, na ionCube iliyokuwa inafungua programu ya uhasibu iliyonunuliwa. Hakuna kilichoharibika hapo. Chombo kimetii orodha.

Kwa hiyo nusu ya kazi inafanyika kabla ya kugusa kitufe, na ni kazi ya kuandika. Ingia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, kama root, mtumiaji mkuu wa seva, andika rpm -qa 'ea-*' na uyapeleke majibu kwenye faili. Hiyo ndiyo orodha ya kweli ya vifurushi vyako. Kisha httpd -M ikupe moduli za Apache zinazofanya kazi sasa hivi. Kwa PHP usiridhike na php -m peke yake, maana hiyo inajibu kwa niaba ya toleo la terminali tu, na tovuti inaweza kuwa inatumia jingine. Uliza toleo lenyewe kwa njia yake kamili, kwa mfano /opt/cpanel/ea-php81/root/usr/bin/php -m, na urudie kwa kila toleo lililopo. Funga folda ya /etc/apache2 na zile za mipangilio ya PHP kwenye faili moja la tar, ulishushe kwenye kompyuta ya ofisini. Bekapu iliyokaa kwenye diski ileile ya seva itapotea pamoja na diski hiyo.

Ndani ya EasyApache 4 kwenyewe, hifadhi vifurushi vilivyopo sasa kama profaili mpya, uipe jina lenye tarehe. Hiyo ndiyo ngazi ya kurudia juu ukianguka shimoni. Ukiwa na uwezo wa kuchukua picha ya seva nzima (snapshot) kutoka kwa waliokukodisha, ichukue pia, ila kumbuka kwamba kuirudisha picha ya jana kunarudisha hifadhidata ya jana: oda na malipo yaliyoingia baada ya hapo yatayeyuka. Picha ya seva ni ya dharura ya usiku uleule, si ya kesho mchana.

Sasa ndipo unachagua, na hatua ninayowasihi mafundi waikalie ni ya mwisho kabla ya kuanza, ile ya mapitio. Paneli inaonyesha makundi ya vifurushi: vitakavyowekwa, vitakavyosasishwa na vitakavyoondolewa. Wengi wanateremka haraka hadi chini kutafuta kitufe. Kaa kwenye kundi la vinavyoondolewa. Kila jina lililomo humo lilinganishe na ile orodha yako ya rpm, na ukikuta hata moja ambalo huwezi kueleza linaondoka kwa nini, rudi nyuma. Dakika kumi hapa zinaokoa usiku mzima.

Badiliko linaloangusha tovuti nyingi kwa mpigo ni la namna Apache inavyogawa kazi na namna PHP inavyoitwa. Seva za zamani zilikuwa na prefork pamoja na PHP iliyopachikwa ndani ya Apache. Kwa prefork kila mgeni anashikiliwa na mchakato mzima, na kila mchakato unabeba PHP hata kama mgeni anaomba picha tu. Mpangilio wa sasa ni event, inayotumia nyuzi nyingi ndani ya michakato michache, huku PHP ikikaa pembeni kama huduma inayojitegemea iitwayo PHP-FPM. Kwa seva ya RAM ndogo huo ni uamuzi sahihi, na naupendekeza bila wasiwasi. Lakini unabadilisha mambo mawili ambayo tovuti zilikuwa zimeyazoea.

La kwanza liko kwenye .htaccess, faili la maagizo ya Apache kwa folda lilimo. Chukua tovuti ya shule ambapo mtu aliwahi kuandika mstari huu ili walimu waweze kupandisha mafaili makubwa: php_value upload_max_filesize 20M. Amri ya php_value ilikuwa inaeleweka kwa sababu PHP ilikuwa moduli ndani ya Apache. Baada ya kuhamia FPM, moduli hiyo haipo, Apache inakutana na neno isilolijua, na badala ya kuruka mstari inakataa folda yote. Tovuti nzima inajibu 500, hata picha na mafaili ya kawaida. Ukifungua logi ya makosa utakuta neno php_value limetajwa waziwazi pamoja na njia ya faili lenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Dawa ni kuufuta mstari huo kwenye .htaccess na kuweka upload_max_filesize = 20M ndani ya faili la .user.ini kwenye folda hiyo, au kupitia kihariri cha mipangilio ya PHP kilichomo kwenye paneli. Kumbuka kupandisha na post_max_size, kikomo cha fomu nzima inayotumwa, kwa sababu ile ya asili ni 8M na itakata faili la 20M hata kama ya kwanza imeruhusu. Kisha subiri. PHP haisomi .user.ini kila mara. Kwa kawaida inairudia baada ya sekunde 300. Fundi asiyejua hilo anajaribu, anaona haijakubali, anageuza kitu kingine, na baada ya dakika tano mageuzi yake mawili yanagongana.

Heri kuyatafuta haya yote kabla. Amri ya grep juu ya mafaili ya .htaccess yote yaliyomo kwenye /home, ukitafuta php_value na php_flag, inakuletea orodha kamili usiku wa kabla ya kazi.

La pili ni umiliki wa mafaili. PHP iliyopachikwa ndani ya Apache mara nyingi iliandika mafaili kwa jina la mtumiaji wa Apache, na ndiyo sababu watu walizoea kuzipa folda ruhusa ya 777, yaani kila mtumiaji wa seva aweze kuandika. PHP-FPM kwenye paneli inaandika kwa jina la mwenye akaunti. Faili la jana lenye mmiliki mwingine haliwezi kuandikwa leo, na dalili yake ni picha zisizopanda na moduli zisizosasishika ilhali kurasa zinafunguka vizuri. Rudisha umiliki kwa mwenye akaunti, folda zipe 755, mafaili 644, na lile lenye nywila ya hifadhidata lipe 600. Hizo 777 zifutwe kabisa. Hazina kazi tena.

Kisha kuna hesabu ya RAM, ambayo wengi wanaiacha kama ilivyokuja. Tuseme seva ina GB 4. Weka pembeni GB 1.5 kwa ajili ya hifadhidata, barua pepe na mfumo wenyewe. Zinabaki kama MB 2,560. Mchakato mmoja wa PHP wa tovuti ya kawaida ukitumia MB 64, unaweza kubeba michakato 40 kwa wakati mmoja, kwa tovuti zote zikijumlishwa. Hapo ndipo watu wanapokosea: pm.max_children, yaani kikomo cha michakato hiyo, inawekwa kwa kila tovuti, si kwa seva. Tovuti 20 zenye 5 kila moja ni michakato 100, na siku zote zikiamka pamoja zinataka zaidi ya GB 6. Zipe zaidi zile zenye wageni wengi, na zile za kipeperushi tu zipe 2. Logi ya FPM ikisema tovuti imefikia kikomo cha max_children, usikipandishe kabla ya kutazama swali la hifadhidata linalochelewa, kwa sababu michakato mingi inayosubiri hifadhidata moja iliyochoka ni foleni ndefu tu.

Nije kwenye matoleo ya PHP, maana hapa pana hatari ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Paneli inaruhusu matoleo kadhaa kukaa pamoja na kila tovuti kuchagua lake. Lakini tovuti ambayo haikuchaguliwa toleo inarithi lile la seva. Ukibadilisha toleo la msingi kutoka 7.4 kwenda 8.2, zote zinazorithi zinahama usiku huohuo bila mtu kuzijaribu. Kabla ya kujenga, ipe kila tovuti toleo lake kwa jina, hata kama ni lilelile la zamani, kisha zihamishe moja moja.

Na usiliondoe toleo la zamani siku ya kuweka jipya. Ndani ya .htaccess za tovuti nyingi paneli huandika mstari wa AddHandler unaotaja toleo, kwa mfano application/x-httpd-ea-php74. Paneli huwa inausimamia mstari wake, lakini .htaccess zilizonakiliwa kwa mkono kwenye folda za ndani, au zilizokuja na tovuti kutoka seva nyingine, hazimo kwenye hesabu yake. Ukiliondoa toleo la 7.4 na mstari ukabaki, Apache haijui tena faili la .php lipelekwe kwa nani, na inalitoa lilivyo. Mgeni anashushiwa msimbo wenyewe badala ya ukurasa. Kama faili hilo lina jina la mtumiaji wa hifadhidata na nywila yake, limeshatoka mlangoni. Kwa SACCOS yenye majina, namba za simu na akiba za wanachama, tatizo limevuka ufundi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Tafuta ea-php74 kwenye .htaccess zote kabla ya kuliondoa toleo, na baada ya kuliondoa vuta ukurasa wa kila tovuti kwa curl uangalie kama kuna alama ya <?php kwenye majibu. Ikionekana, simamisha Apache kwanza, kisha ndiyo utafute sababu. Tafuta njia hiyohiyo ya zamani kwenye kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) pia; cron inayoita PHP iliyoondolewa inakufa kimyakimya, na mwenye duka anagundua wiki mbili baadaye kwamba risiti hazikutumwa.

Kuhusu msimbo wenyewe: tovuti iliyoandikwa kwa mysql_connect haitafanya kazi kuanzia PHP 7.0, kwa sababu ekstensheni ile iliondolewa mwaka 2015. PHP 8.0 ikaondoa each na create_function. Makosa haya yanapiga kelele, yanaonekana papo hapo. Linalonitia hofu ni lisilopiga kelele. Kwenye PHP 7, sifuri ikilinganishwa na nafasi tupu kwa alama mbili za sawasawa, jibu lilikuwa ndiyo. Kwenye PHP 8 jibu ni hapana. Mfumo wa ada unaouliza kama salio ni tupu ili uandike kwamba mwanafunzi hadaiwi utafunguka vizuri, hautaandika kosa lolote kwenye logi, na utatoa majibu tofauti kwa yule mwenye salio la 0. Hakuna paneli inayoweza kukuonya juu ya hilo. Inabidi mhasibu wa shule akae na fundi, wachukue wanafunzi watatu wenye hali tofauti, wafungue kurasa zao kwenye nakala ya majaribio na walinganishe na daftari. Mwenye programu inayohitaji ionCube naye ajue kwamba PHP 8.0 haina kipakizi chake, arukie toleo la juu yake ambalo bado linatunzwa, kwa kadiri muuzaji wa programu anavyoruhusu.

Wa DirectAdmin wana mambo yao. CustomBuild, chombo chao cha kujenga, kwa kawaida inashusha msimbo wa asili na kuukompaili (kuugeuza kuwa programu) kwenye seva yako. Kazi inafanyika kwenye folda ya /usr/local/directadmin/custombuild: ./build update ili kupata orodha mpya ya matoleo, ./build versions ili uone kilichopo na kinachopatikana, kisha ./build apache au ./build php. Nakili faili la options.conf kwanza, hilo ndilo profaili yako. Kompaila inakula RAM, na kwenye seva ya GB 1 PHP hukwama mahali palepale, kwenye ekstensheni ya fileinfo, faili la apprentice.c, ambapo mstari wa mwisho unasema tu Killed. Hapo mfumo umeishiwa RAM na kuua mchakato ili ujiokoe. Kompaila ikiuawa, PHP ya zamani inabaki ikifanya kazi kwa kuwa hatua ya kusimika haijafika. Balaa ni pale mfumo unapochagua kuiua hifadhidata badala ya kompaila, na tovuti zote zinakosa data kwa mara moja. Ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 kabla: fallocate -l 2G /swapfile, chmod 600, mkswap, swapon. Kazi ya dakika mbili. Tazama na nafasi ya diski kwa df -h, na usisahau df -i, kwani diski inaweza kuonyesha nafasi tele huku namba za mafaili zimekwisha kwa sababu ya vipande vya kache milioni moja.

Kwenye paneli zote mbili, aliyehariri faili kuu la Apache kwa mkono atapoteza kazi yake. Kwenye cPanel, httpd.conf huandikwa upya na paneli. Maongezo yako yaweke kwenye kihariri cha nyongeza kilichomo WHM, ambamo yatabaki salama. Kwenye DirectAdmin, ./build rewrite_confs inafuta vilevile, na mahali pa kudumu ni folda za custom. Ukirithi seva kwa fundi mwingine, usidhani alifuata hilo. Jambo dogo ambalo hupotea hivi ni mod_remoteip, moduli inayoifanya Apache ione anwani ya kweli ya mgeni pale tovuti inapopitia Cloudflare, huduma inayosimama kati ya mgeni na seva. Ikikosekana, wageni wote wanaonekana wametoka kwenye anwani chache za Cloudflare, firewall inahesabu nywila zilizokosewa, inazifungia anwani hizo, na watu wanakosa tovuti kwa makundi bila fundi kuona kosa lolote kwenye Apache.

Kabla ya yote haya, tazama mfumo endeshi. Seva ya CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024, na hazina zake za vifurushi zimehamishiwa kwenye kumbukumbu za zamani. Kujenga upya hapo kunakwama hata kabla ya kuanza, na kulazimisha kwa kuchanganya hazina ni kujitafutia seva nusu ya zamani nusu mpya. Hamisha tovuti kwenye seva mpya yenye mfumo unaotunzwa, AlmaLinux kwa mfano. Sina ushauri mwingine juu ya hilo.

Saa ya kufanya kazi iangaliwe kwa makini, kwani hapa lugha yetu ya saa inatutega. Seva nyingi za kukodi zinatumia UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nane usiku ya Dodoma, kwenye seva hiyo ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Andika zote mbili kwenye karatasi. Kisha tazama cron: bekapu na masasisho ya paneli mara nyingi hupangwa usiku uleule, na kazi mbili zikishika vifurushi kwa pamoja moja itasubiri au itakufa. Fungua screen kabla ya kuanza chochote kwenye terminali, kwa screen -S jenga. Umeme wa Nkuhungu ukikatika au bando likiisha, kazi inaendelea huko iliko, nawe unarudi kwa screen -r jenga ukaikuta mahali pake. Na kama Apache yenyewe imeanguka, usitaharuki: paneli haitegemei Apache hiyo. WHM inapatikana kwenye mlango 2087 na DirectAdmin kwenye 2222 hata tovuti zote zikiwa chini. Mtu aliyepo kwenye paneli hajafungiwa nje.

Kazi ikiisha, httpd -t iseme mpangilio ni sahihi kabla ya kuwasha upya. Linganisha httpd -M mpya na ya kabla kwa diff; tofauti yoyote iwe na maelezo. Fungua kila tovuti, ukurasa wa ndani na si wa mwanzo tu, maana wa mwanzo mara nyingi unatoka kwenye kache. Ingia kama mtumiaji, pandisha faili, tuma fomu. Jaribu cheti cha SSL kwa kukiomba upya kwenye tovuti moja: vya Let's Encrypt vinadumu siku 90, na kanuni ya .htaccess inayozuia folda ya .well-known haitajulikana hadi cheti kitakapogoma kujifanya upya. Kaa na logi ya makosa angalau hadi saa tatu asubuhi, watu wanapoanza kuingia.

Mara ngapi? Masasisho madogo ya Apache na PHP yaingie kila mwezi, kwa siku inayojulikana. Oktoba 2021 Apache 2.4.49 ilipatikana na tundu lililowezesha mtu wa nje kusoma mafaili yaliyo nje ya folda ya tovuti, 2.4.50 ikatolewa kuliziba, ikaonekana haikuziba lote, na 2.4.51 ikafuata ndani ya siku chache. Aliyezoea kujenga kila mwezi aliimaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja, mara mbili. Aliyekuwa hajaigusa seva kwa miaka minne hakuwa na tundu hilo, kwa kuwa liliingia na 2.4.49 yenyewe, lakini alibaki na matundu ya zamani, na siku ya kuyaziba inamlazimu kuvuka mabadiliko yote niliyoyaeleza hapo juu kwa mkupuo. PHP nayo ina kalenda inayofahamika: marekebisho ya usalama ya 8.1 yalikoma 31 Desemba 2025, ya 8.2 mwisho 31 Desemba 2026, ya 8.3 mwisho 31 Desemba 2027. Tarehe hizo ziingizwe kwenye bajeti ya taasisi kama zinavyoingizwa ada ya domeni na bili ya umeme.

Mwenye tovuti asiyejua terminali bado anaweza kuuliza maswali ya haki. Seva yangu ina toleo gani la PHP leo? Ilijengwa upya lini mara ya mwisho? Profaili ya kabla iko wapi, na nani mwingine anaweza kuifungua? Fundi mzuri atajibu bila kukasirika. Na yale majibu ya rpm, ya httpd -M na ya kila toleo la PHP, pamoja na tarehe na sababu ya kila badiliko, yachapwe yatiwe kwenye faili la ofisi. Yasibaki kwenye simu ya fundi peke yake, kwa maana akihamia mkoa mwingine simu inaondoka naye, na atakayekuja ataikuta seva inayofanya kazi ambayo hakuna anayejua imejengwa kwa nini na nini.

Wako,
Fundi wa seva,
Nkuhungu, Dodoma